Fundi, usinunue spana kwa kuhesabu vipande

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu, Toyota ndogo ya miaka mingi, kwenye gereji bubu moja ya Ilala, Dar es Salaam, kubadilishiwa shokapu za mbele. Hiyo ni kazi ambayo fundi mzoefu huimaliza asubuhi moja na mchana akala chakula chake kwa amani. Yangu ilichukua siku mbili.

Fundi alikuwa kijana mwenye adabu na anayeijua kazi. Alipanga mbele yake seti mpya ya spana ringi, vipande kumi na viwili, zinang'aa kama vijiko vya harusini. Alichukua namba 17, akaivika kwenye nati ya chini ya shokapu, akavuta. Spana ikateleza. Akavuta tena, safari hii akiwa amechomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili apate urefu. Ringi ikapanuka, nati ikaliwa kona zote sita, na ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye chasisi. Alipokwenda kwa fundi mzee wa gereji ya jirani kuazima spana ndefu, tulikuwa tumekwisha chelewa. Spana ile nzuri ilikuta nati ya duara.

Mzee yule alikuja mwenyewe, akaitazama ile seti, akasema, "Mwanangu, umenunua spana ngapi hapa?" Kijana akajibu, "Kumi na mbili, mzee." Mzee akauliza tena, "Na unazotumia kila siku ni ngapi?" Kijana akahesabu kwa vidole, akafika nne.

Swali hilo la pili ndilo linalonifanya niandike leo. Katika soko letu la zana za gereji, mnunuzi huuliza bei ya seti na muuzaji hujibu kwa idadi ya vipande. Hakuna anayeuliza kazi. Maoni ya safu hii ni kwamba fundi mwenye mtaji mdogo hapaswi kununua seti kabisa. Anunue spana ringi ndefu tatu au nne, za namba anazozitumia kila siku, za chuma kinachoeleweka, na aziongeze moja moja kadiri kazi inavyomlipa. Na wafanyabiashara wetu wana faida ya kupata kama watakubali kuziuza hivyo.

KWA NINI RINGI, NA KWA NINI NDEFU

Tuanze na msomaji ambaye si fundi lakini pengine ana duka, au ana kijana nyumbani anayetaka kufungua gereji. Spana ringi ni ile iliyofungwa mviringo pande zote mbili, na kila upande una namba yake. Tofauti na spana ya mdomo wazi, ambayo hushika nati pande mbili tu, ringi huizunguka nati yote. Nguvu hugawanyika kwenye kona zote, na ringi haina mdomo wa kupanuka kwa urahisi. Ndiyo maana mafundi huanza kulegeza bolti ngumu kwa ringi, kisha humalizia kwa mdomo wazi. Tusiizungumzie hapa ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina lisilofaa kuchapwa kwenye ukurasa wa biashara. Hiyo ni ya dharura.

Urefu nao ni hesabu ya shule ya msingi. Nguvu ya kugeuza nati ni nguvu ya mkono ikizidishwa kwa umbali kutoka katikati ya nati hadi pale mkono unaposhika. Mkono unaovuta kwa uzito wa kilo 30 kwenye umbali wa sentimita 20 unatoa kilo-mita 6. Mkono huohuo kwenye umbali wa sentimita 40 unatoa kilo-mita 12, na mtu hakula wali wa ziada. Bolti ya kawaida ya milimita 12, ya daraja la 8.8, hukazwa kwa kilo-mita 8 hivi inapokuwa mpya. Ikishakaa miaka kumi kwenye matope na hewa ya chumvi ya Pwani inaweza kudai zaidi ya hapo sana kabla haijaachia. Kwa hiyo spana fupi inamshinda fundi kabla hata hatujauliza ubora wake.

Spana ringi ya kawaida ya namba 17 na 19 huwa na urefu wa karibu sentimita 30. Zile ndefu hukaribia sentimita 40. Sentimita hizo kumi za ziada ndizo anazozitafuta kijana anapochomeka bomba. Ubaya wa bomba ni kwamba spana fupi ilitengenezwa kwa nguvu ya spana fupi. Ukiirefusha, unaipa ringi mzigo ambao kiwanda hakikuukadiria, na ikiachia ghafla mkono unakwenda usikokujua. Spana iliyozaliwa ndefu imepewa ringi na mpini wa kubeba urefu wake.

Wapo pia wanaokwenda kwa mchomeleaji kuunganisha nondo kwenye spana fupi. Huko ni kuua spana. Ugumu wa chuma hiki hutokana na kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani, na moto wa kuchomelea unauondoa ugumu huo pale pale penye kiungo. Spana inarudi ikiwa ndefu lakini laini.

NAMBA ZA KIJAPANI NA SETI ZA KIZUNGU

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Magari mengi madogo yanayotembea katika miji yetu yametoka Japani yakiwa yametumika. Wajapani wana vichwa vyao vya bolti. Bolti ya milimita 8 kwenye Toyota au Nissan kwa kawaida huwa na kichwa cha namba 12. Ya milimita 10 huwa na namba 14, na ya milimita 12 huwa na namba 17. Kwa mpango wa zamani wa Kijerumani, bolti hizo hizo zilikuwa na vichwa vya namba 13, 17 na 19, na kwa mpango wa kimataifa wa sasa ni 13, 16 na 18.

Sasa tazama seti zinavyopangwa. Seti inayofuata mpangilio wa Ulaya huenda hivi: 6 na 7, 8 na 9, 10 na 11, 12 na 13, 14 na 15, 16 na 17, 18 na 19, 20 na 22. Kwa fundi wa Scania au Mercedes seti hiyo ina maana. Kwa fundi wa magari madogo ya Kijapani, namba 9, 11, 15, 16, 18 na 20 ni mizigo. Amelipia ringi ambazo zitabaki na kromu yake hadi atakapostaafu, huku ile ringi ya 14 ikichakaa ndani ya mwaka.

Wajapani hupanga spana zao kwa mnyororo: 8 na 10, 10 na 12, 12 na 14, 14 na 17, 17 na 19, 19 na 21. Faida ya mnyororo huu si kuruka namba zisizotumika tu. Faida kubwa zaidi ni kwamba kila namba ya katikati inajirudia. Fundi akiwa na spana tatu tu, yaani 12 na 14, 14 na 17, 17 na 19, ana ringi mbili za 14 na ringi mbili za 17. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu bolti nyingi za chini ya gari zina kichwa upande mmoja na nati upande wa pili, namba ileile pande zote. Lazima moja ishikwe wakati nyingine inazungushwa. Mwenye seti ya vipande kumi na viwili yenye 17 moja tu atakwenda kuazima ya pili kwa jirani. Mwenye spana tatu za mnyororo hatoki gereji.

Hesabu ya kazi inathibitisha hivyo. Bolti za kuunganisha giaboksi na injini kwenye Toyota nyingi ni 14 na 17. Za stata mara nyingi ni 14. Za kushikilia kalipa ya breki kwenye nakoli mara nyingi ni 17. Nati ya kumwagia oili mara nyingi ni 14. Za shokapu na mikono ya chini ni 14, 17 au 19. Fundi wa magari madogo anaweza kuishi kwa namba nne, yaani 12, 14, 17 na 19, na anachohitaji ni ziwe ndefu na ziwe imara.

Kwa wengine hesabu ni tofauti, na ni vizuri muuzaji aijue ili asimuuzie mtu kitu kisichomfaa. Mafundi wa malori ya Ulaya wanahitaji 13, 17, 19, 22 na 24, na kwa malori mapya zaidi 16, 18 na 21. Fundi wa bodaboda hana haja ya spana ndefu kabisa, fupi zinamtosha. Mwenye trekta la zamani kama Massey Ferguson 135 atakutana na bolti za inchi. Huyo asidanganywe na namba za milimita zinazokaribiana. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 itacheza juu yake na kuila kona, wakati robo tatu ya inchi ni milimita 19.05 na hapo ya 19 inaweza kukubali au kukataa kutegemea uchakavu. Wa trekta anunue za inchi.

USINUNUE NDEFU KWA KILA NAMBA

Baada ya kusifia urefu, lazima niseme pia mahali ambapo urefu ni hasara. Bolti yenye kichwa cha namba 10 kwa kawaida ni ya milimita 6. Hukazwa kwa karibu kilo-mita 1 tu. Ukiishika kwa spana ya sentimita 30 huwezi kuhisi inapofika mwisho. Inakatika, na kipande kinabaki ndani ya bloku. Ninawashauri mafundi wanunue ndefu kuanzia namba 12 na 14 kwenda juu, na namba 8 na 10 wabaki na fupi. Muuzaji anayekusukumia spana ndefu ya 8 na 10 kwa sababu inakamilisha seti anakuuzia matatizo.

Vilevile spana ndefu ni ya kulegezea. Kukaza silinda hedi au kepu za beringi kunahitaji torki renchi, ile spana inayopima ukazo. Fundi asiyekuwa nayo aazime au akodi. Na nati za mabomba ya breki hazifunguliwi kwa ringi ya kawaida, kwa kuwa haiwezi kupita juu ya bomba. Zina spana yake yenye ringi iliyokatwa upande mmoja.

NYOOFU AU ILIYOPINDA

Mnunuzi atakutana na aina mbili za ringi ndefu. Ya kwanza imepinda shingo, kichwa kimeshuka chini ya mpini. Hiyo inafikia nati iliyo ndani ya shimo na inainua vidole vya fundi juu ya vyuma vingine. Ya pili ni nyoofu, kichwa na mpini viko kwenye mstari mmoja. Hiyo inapenya kwenye nafasi nyembamba na, muhimu zaidi, nguvu yote inakwenda kwenye kuzungusha bila kuinamisha ringi. Iliyopinda sana, ukiivuta kwa nguvu, hutaka kulala upande na kupanda juu ya kona za nati.

Kwa kazi ya chini ya gari na kazi ya kutu, safu hii inapendelea nyoofu, au iliyopinda kidogo. Kwa injini, iliyopinda. Fundi mwenye uwezo wa kununua spana tatu tu aanze na nyoofu, kwa kuwa nati zinazomtesa na kumpotezea siku ziko chini ya gari.

Jambo jingine ni pembe za ndani. Ringi nyingi zina pembe 12. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuivika upya kila baada ya nyuzi 30, jambo linalosaidia sana mahali pasipo na nafasi ya kuzungusha. Ringi ya pembe 6 inahitaji nyuzi 60, lakini inashika nati kwa upana zaidi na haili kona kirahisi. Ukibahatika kupata ndefu ya pembe 6 kwa namba 14 au 17, ichukue kwa ajili ya bolti zilizokula kutu. Lakini usiikatae ya pembe 12 iliyotengenezwa vizuri kwa sababu ya jambo hilo. Ringi ya pembe 12 yenye kipimo sahihi ni bora mara kumi kuliko ya pembe 6 inayocheza.

ASILI YA SPANA NA BEI YAKE

Tangu milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, na hasa katika miaka ya "ruksa" iliyofuata, fundi wa Tanzania ameacha kuteseka kwa kukosa spana. Sasa anateseka kwa kuchagua. Zamani mwenye Gedore au Stahlwille ya Ujerumani, au King Dick ya Uingereza, aliirithisha kwa mwanawe. Spana hizo bado ni nzuri na bado ni ghali. Simshauri kijana anayeanza aziwekee akiba mwaka mzima. Kazi haimsubiri.

Kundi la kati ndilo lenye faida kwake. India ina viwanda vya zana za mkono tangu zamani, hasa katika miji ya Jalandhar na Ludhiana huko Punjab, na majina kama Taparia yanafahamika kwa mafundi. Taiwani nayo, hasa eneo la Taichung, inatengeneza zana zinazouzwa dunia nzima, zikiwamo za King Tony na Toptul. Wasomaji wa rika langu watacheka. Katika miaka ya tisini neno "Taiwani" mtaani lilikuwa na maana ya kitu feki, kuanzia saa hadi redio. Neno lilibaki midomoni, lakini spana za kisiwa hicho zilikwisha panda daraja, na mwenye kukataa spana nzuri kwa sababu ya utani wa zamani anajinyima mwenyewe. China inatengeneza kila kitu, kuanzia spana nzuri sana hadi ile iliyomtoa damu fundi wangu. Kwa hiyo jina la nchi pekee halitoshi kukupa jibu.

Wala maneno yaliyochapwa kwenye mpini hayatoshi. Karibu kila spana dukani imeandikwa kwamba ni ya kromu na vanadiamu. Nyundo ya kugonga herufi haijui kemia. Hata chuma kilicho sahihi, kama hakikupashwa moto na kupozwa inavyotakiwa, ama kitakuwa laini na ringi itapanuka, ama kitakuwa kigumu mno na kitapasuka. Uzito nao hudanganya. Kuna spana nene nzito ambazo unene wake umewekwa kuficha ulaini, na ringi nene haiingii kwenye nafasi nyembamba.

MAJARIBIO YA DUKANI

Mnunuzi afanye nini basi? Ninapendekeza mambo haya, na hayamgharimu kitu.

Kwanza, aende dukani na bolti mpya tatu mfukoni, vichwa vya 12, 14 na 17. Avike ringi juu ya bolti na kuitikisa. Mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini ringi inayozunguka waziwazi kushoto na kulia kabla ya kushika, airudishe kabatini. Hili ndilo jaribio kubwa kuliko yote, na ajabu ni kwamba sijapata kumwona mtu akilifanya pale Gerezani.

Pili, atazame ndani ya ringi kwenye mwanga. Pembe ziwe zimekatwa safi, bila vinyweleo vya chuma wala rangi ya kromu iliyojaa kwenye kona. Kromu nene ndani ya ringi hubanduka, na vipande vyake hukata kama wembe.

Tatu, ainue spana usawa wa jicho na kutazama mpini kama fundi seremala anavyotazama ubao. Mpini uliopinda upande, au ringi mbili zisizolingana, ni dalili kwamba kiwanda hakikujali.

Nne, atafute jina la mtengenezaji, namba na nchi ya asili vilivyogongwa kwenye chuma chenyewe. Karatasi ya kubandika hutoka na maji. Spana isiyo na jina haina mwenyewe wa kumlalamikia.

Tano, na hili ndilo la kibiashara, anunue moja kwanza. Aipeleke kazini wiki mbili. Kama ringi haikupanuka na mpini haukupinda, arudi duka lilelile kwa ya pili. Hii ni njia bora kuliko kununua kumi na mbili kwa siku moja na kugundua kosa mara kumi na mbili. Na kila mara adai risiti, kwa sababu bila risiti hana pa kuanzia hata kama sheria inamlinda.

Msomaji asipuuze spana za mtumba. Baadhi ya zana zilizotumika Ulaya na Japani hufika kwetu, na spana ya kiwanda chenye jina iliyofanya kazi miaka ishirini bila ringi kupanuka imekwisha faulu mtihani ambao mpya haijaufanya. Jaribio la bolti tatu linatosha kuipima.

HESABU YA SHILINGI

Nitaweka mfano wa hesabu. Tarakimu ni za kuonyesha tu, na kila mmoja aweke bei za soko lake. Tuseme seti ya vipande kumi na viwili isiyo na jina ni sh. 25,000, na spana ringi ndefu ya daraja la kati ni sh. 18,000 kwa kipande. Spana nne ni sh. 72,000. Tofauti ni sh. 47,000, na hapo kijana huona amekombolewa na seti.

Sasa nati moja ikiliwa. Mchomeleaji wa kuja kuunganisha nati mpya juu yake, tuseme sh. 5,000. Bolti na nati mpya, sh. 2,000. Saa mbili ambazo fundi angekuwa kwenye gari jingine, tuseme sh. 5,000. Jumla sh. 12,000. Nati nne zikiliwa ni sh. 48,000, na ile tofauti imekwisha. Nati nne si hesabu ya mwaka. Kwa fundi wa magari yenye umri, inaweza kuwa hesabu ya mwezi mmoja. Na hapo sijaweka mteja aliyeondoka kwa hasira na kuwasimulia wenzake, wala siku za kidole kilichofungwa bendeji.

Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na sisi tumezoea kuutumia msemo huo kumshawishi mtu anunue cha bei ya juu kuliko vyote. Mimi simaanishi hivyo. Spana nne za daraja la kati ni nafuu kuliko seti ya bei ya chini, na ni nafuu pia kuliko spana moja ya Ujerumani kwa mtu anayehitaji namba nne. Anayetaka unafuu auhesabu kwa kazi itakayofanyika.

NENO KWA WAAGIZAJI NA KWA HALMASHAURI

Kwa wafanyabiashara, nina ombi moja. Vunjeni seti. Nimezunguka maduka kadhaa nikitafuta ndefu ya 14 na 17 peke yake na nikajibiwa kwamba haiuzwi bila wenzake. Muuzaji ana hofu kwamba atabaki na namba zisizotoka. Hofu hiyo ni ya haki kama ameagiza seti za Ulaya. Lakini akiagiza kwa mnyororo wa Kijapani, 12 na 14, 14 na 17, 17 na 19, kwa vipande vya kutosha, hana kitakachobaki, maana kila gereji kuanzia Temeke hadi Tegeta inazitaka hizo. Mteja anayenunua moja leo kwa risiti na kuikuta nzuri atarudi mara tatu. Wa seti harudi, na akirudi ni kwa ugomvi.

Kwa halmashauri na vyuo, suala ni zito zaidi kwa kuwa fedha si zao. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana mafundi vimo humo. Kikundi kinachonunua zana kwa mkopo hulazimika kurejesha mkopo huo kwa kazi ya zana hizohizo. Kikiandika kwenye andiko lake "seti ya spana, vipande 12, moja", mzabuni mwenye bei ya chini ataleta zile za kung'aa, na hakuna atakayemlaumu kwa kuwa ameleta vipande kumi na viwili kama alivyoagizwa. Kikiandika "spana ringi ndefu, 14 kwa 17, zenye jina la mtengenezaji, zitakazopimwa kwa bolti kabla ya kupokelewa", mzabuni huyohuyo atafikiri mara mbili. Tofauti iko kwenye sentensi moja ya andiko. Maofisa maendeleo ya jamii wanaosaidia vikundi kuandika wanaweza kuiweka hata kama hawajawahi kushika spana.

Nimerudi kwa yule kijana wa Ilala wiki hii. Ile seti bado anayo, anatumia namba 8 na 10 tu. Pembeni yake kuna spana moja ndefu ya 14 na 17, nyoofu, aliyoinunua kwa malipo ya gari la mteja aliyenifuata. Nilimwuliza ya pili atanunua ipi. Alisema 17 na 19, ili awe na 17 mbili na asiende tena kwa mzee jirani. Nilimpa mkono.